Zamu ya usiku bila kumdhuru mgonjwa: mwongozo kwa wauguzi wa Bukavu

Nilikuwa nimeshika bomba la sindano lenye artesunate, nimesimama kwenye kitanda cha mtoto asiyekuwa na malaria. Na nilikuwa nimeuliza. "Koko, huyu ni Bahati?" Nyanya akajibu, "Ndiyo, dokta." Hakudanganya, mjukuu wake aliitwa Bahati. Ila wodini walikuwemo Bahati wawili, na huyu wa kwake alikuja kwa kuhara. Aliyeniokoa ni mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa macho akinyonyesha. "Kaka, wa malaria si yule wa dirishani?"

Hospitali sitaitaja, kwani jambo lile lingeweza kutokea popote hapa mjini, kati ya Bagira na Panzi. Nilikuwa na stajiere mmoja, yaani mwanafunzi wa uuguzi aliye mazoezini, na wagonjwa zaidi ya thelathini, umeme ulikuwa umekatika tangu saa 2 usiku, na nilikuwa naijua dawa yangu vizuri sana. Kwenye kujua dawa sikuwa na shida. Kilichoniangusha ni jinsi nilivyouliza swali.

Ninaandika hapa jinsi ninavyoendesha zamu ya usiku tangu siku ile, kuanzia kuingia mpaka kutoka. Nimewaandikia hasa stajiere na wauguzi wapya, wa hospitali kuu na wa vituo vya afya.

1. Pokea wagonjwa kitandani, usipokelee mezani

Mnajua kupokezana zamu kwetu, ile remise et reprise, inavyokwenda. Wa mchana amechoka, anawaza taxi ya kumpandisha Kadutu kabla mvua haijaanza. Anafungua kaye, daftari la wodi, anasoma majina upesi, anasema "wengine wote stable", anavua bluzi yake ya kazi. Wewe unabaki na kaye.

Fika robo saa kabla. Mshike mwenzako mkono, mzunguke vitanda pamoja. Kwa kila kitanda akuambie mambo manne: huyu ni nani, alikuja na nini, leo amefanyiwa nini, na usiku huu anasubiri nini. Jambo la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua: matokeo ya laboratwari ambayo hayajarudi, dozi ya pili ya saa 6 usiku, damu iliyoombwa na haijafika, mama aliyejifungua saa 10 jioni ambaye bado anatoka damu kidogo. Mwambie akuonyeshe serumu (dripu) kwa macho: ipi inapita, ilianza saa ngapi, ndani imetiwa nini. Serumu isiyo na maandishi juu yake usiikubali. Iandikwe jina, dawa iliyoongezwa na saa, kwa bandeji ya kunata ikibidi.

Halafu warudie kwa sauti wale watatu au wanne walio hatarini zaidi. Mwenzako akisikia umekosea atakusahihisha hapo hapo, bado hajapanda taxi.

2. Jina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanadhani ni jambo la watoto.

Usimuulize mgonjwa "Wewe ni Furaha?" Mgonjwa mwenye homa atasema ndiyo. Mzee asiyesikia vizuri atasema ndiyo. Mama aliyetoka Walungu jana, anayesikia Mashi kuliko Kiswahili, atasema ndiyo kwa heshima, kwa kuwa kumkatalia mtu mwenye bluzi nyeupe ni kukosa adabu. Uliza swali ambalo "ndiyo" haiwezi kulijibu: "Mama, jina lako lote ni nani?" Kisha la pili: "Ulizaliwa mwaka gani?" au, kwa asiyejua mwaka, "Umetoka avenue gani?" Akishajibu ndipo utazame fishi, karatasi yake ya matibabu. Majibu mawili yafanane na fishi. Likifanana moja tu, bado hujamjua.

Namba ya kitanda si jina. Usiku watu wanahama: mmoja anasogea mbali na dirisha kwa sababu ya baridi ya ziwani, mwingine anampisha mwenye oksijeni. Katika wodi ya watoto unakuta wawili kitanda kimoja, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

Tena kuna hili la kwetu: mwanamke hapa haitwi jina lake. Anaitwa Mama Neema, na wodi nzima, pamoja na sisi wauguzi, inamjua hivyo. Kwenye fishi ameandikwa jina la ubatizo na la ukoo ambalo hata gademalade wake, ndugu anayemuuguza, halijui. Neema mwenyewe akilazwa siku hiyo hiyo, umepata fishi mbili zenye kutatanisha. Mwite Mama Neema ukimsalimia, ukimbembeleza ale. Ukishika sindano, mwite kama fishi inavyosema.

Bangili ya plastiki ikiwepo, itumie. Isipokuwepo, kipande cha bandeji ya kunata mkononi chenye jina zima na mwaka kinafanya kazi ile ile, na kwa mtoto mchanga kiwekwe kabla hajatoka chumba cha kuzalia. Wanaofanana majina waandikiwe kwa kalamu nyekundu juu ya fishi: JINA LINAFANANA. Nilianza kufanya hivyo asubuhi ya siku ile ya akina Bahati.

3. Dawa

Mambo matano tuliyoimbishwa shuleni bado yanatosha: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, dozi ndiyo, njia ndiyo, saa ndiyo. Shida ni kwamba tunayaimba yote kwa pumzi moja. Nitayapitia pale yanapotukwaza sisi.

*Koma.* Fishi zetu zinaandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kinatenganisha desimali kwa koma. Kalamu ikikauka kidogo, koma imepotea. Mtoto mchanga wa kilo 2,7 akiandikiwa gentamisini 5 mg kwa kilo, dozi ni 13,5 mg. Koma ikifutika ni 135. Ampuli ya 80 mg ina ml 2, kwa hiyo dozi ya kweli ni kama ml 0,34, tone tu kwenye bomba la ml 1. Ukisoma 135 utajikuta unafungua ampuli ya pili. Na hiyo ndiyo kengele yako: kwa mtoto mchanga, mkono ukienda kwenye ampuli ya pili, simama. Anayeandika naye asaidie. Asiandike 2,0 bali 2. Asiandike ,5 bali 0,5. Na neno "unité" liandikwe zima kwa insulini, kwa maana herufi U iliyoandikwa haraka imekwisha kusomwa sifuri mara nyingi.

*Kilo.* Mpime mtoto, na uzito uandikwe juu kabisa ya fishi. Kukadiria kwa macho mtoto mwenye utapiamlo ni kucheza kamari.

*Hesabu.* Artesunate ya 60 mg inayeyushwa kwanza kwa bikabonati ml 1. Tikisa mpaka iwe angavu. Ikibaki na ukungu, itupe. Kisha kwa mshipa unaongeza serumu ya chumvi ml 5, ipate kuwa 10 mg kwa kila ml. Kwa msuli unaongeza ml 2 tu, nayo inakuwa 20 mg kwa ml. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata 3 mg kwa kilo. Kuanzia kilo 20 ni 2,4. Kwa hiyo mtoto wa kilo 14 anahitaji 42 mg: ml 4,2 kwa mshipa, ml 2,1 kwa msuli. Aliyechanganya kwa njia moja akahesabu kwa njia nyingine anampa mtoto nusu ya dawa au mara mbili yake. Andika juu ya flakoni, kichupa cha dawa, ulichofanya. Iliyoyeyushwa itumike ndani ya saa moja; ile ya "tutaendelea nayo saa 12 asubuhi" imwagwe.

Fanya hesabu kwa karatasi, hata kama unaijua kichwani. Mpe stajiere aifanye upya bila kuona jibu lako. Mkitofautiana, hakuna sindano mpaka mkubaliane. Usimwonee haya stajiere: mimi wangu amenisahihisha mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa ninaona usingizi.

*Saa.* Hili silioni likiandikwa popote, nalo linatutesa kila wiki. Fishi inasema 8 h. Wewe unamwambia mama, "Mpe kidonge kingine saa nane." Kwa fishi ni saa mbili asubuhi. Kwa mama ni saa nane, yaani mchana baada ya kula, au usiku wa manane. Tofauti ni saa sita nzima. Usimwambie mtu namba tupu. Sema "saa mbili asubuhi, ukishamaliza uji", "saa mbili usiku, kabla ya kulala". Halafu mwombe akurudishie kwa maneno yake: "Mama, niambie utampa vipi." Ukimuuliza kama ameelewa, tunarudi kwenye lile "ndiyo" la nyanya.

*Ampuli zinazofanana.* Potasiamu ya 10% inaweza kufanana kabisa na ampuli ya maji ya kuyeyushia. Ikisukumwa moja kwa moja katika mshipa, moyo unasimama. Isikae kwenye trei, isikae kwenye droo ya serumu. Ifungiwe mahali pake, iandikwe "YEYUSHA KWANZA", na atakayeichukua awe na shahidi. Mwangaza wa simu haukutoshi kusoma ampuli. Nunua taa ya kichwani.

*Manyezi (magnesiamu).* Kwa mama mwenye kifafa cha mimba, kabla ya kila dozi mpya ya sulfate ya manyezi angalia mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umefika angalau ml 30 kwa saa. Likikosekana moja, hakuna dozi, mwite daktari. Gluconate ya kalsiamu 1 g iwe pale pale kitandani.

*Dawa za chini ya kitanda.* Uliza kwa upole, bila kufoka: "Koko, nyumbani mlikuwa mnampa nini?" Chupa ya majani ya kienyeji ipo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Ukimfokea mtu, ataendelea kuitumia kwa kujificha, na wewe utabaki kushangaa figo za mtoto zinaharibika kwa nini.

4. Mikono na maji

Ebola ilipofika Mwenga, huku huku Kivu Kusini, mwezi Agosti 2019, hapa mjini kila mlango ulikuwa na ndoo yenye robine (bomba la kufungulia maji). Tulijua kuchanganya klorini hata usingizini. Ndoo nyingi zimekwisha kuondoka, na mazoea yamezifuata.

Osha au pakaa alkoholi kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka serumu, baada ya kugusa damu au majimaji, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vyake. Alkoholi ni sekunde 20 hadi 30, sabuni na maji ni 40 hadi 60. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu moja kwa wagonjwa watatu inakulinda wewe tu, nayo inabeba vidudu toka kitanda hadi kitanda.

Robine ya Regideso, shirika la maji, ikikauka, bidoni (dumu) yenye robine inatosha. Alkoholi ya mikono famasia ya hospitali inaweza kuitengeneza yenyewe: kwa lita 10, etanoli ya 96% ml 8333, maji ya oksijeni (hidrojeni peroksidi) ya 3% ml 417, gliserini ya 98% ml 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ijae. Ikae saa 72 kabla ya kugawiwa, na isikaribie moto.

Klorini ni ya sakafu, damu iliyomwagika na vifaa. Kwa HTH, klorini ya unga, ya 70%, vijiko vikubwa 10 kwa lita 20 vinatoa 0,5%. Kijiko kimoja kwa lita hizo hizo kinatoa 0,05%. Ichanganywe upya kila siku. Andika tarehe kwenye ndoo.

5. Damu

Watoto wetu wengi wanaongezewa damu kwa sababu ya malaria, mara nyingi usiku, mara nyingi mbio mbio, baba yuko mlangoni anauliza kwa nini mnachelewa. Hiyo ndiyo saa ya kupunguza mwendo.

Wauguzi wawili, kando ya kitanda, si kwenye kabati. Mmoja anasoma mfuko: jina, kundi, namba, tarehe ya kuisha, na kama umepimwa VVU, hepatiti B na C, na kaswende. Mwingine anasoma fishi. Kadi ya kupimia kundi kitandani ikiwepo, itumike kila mara, hata kwa mgonjwa aliyeongezewa jana.

Mfuko ukitoka frijini uanze ndani ya dakika 30 na uishe ndani ya saa 4. Usiutumbukize katika maji ya moto. Usitie dawa yoyote wala serumu ya glukozi katika mpira huo huo. Dakika 15 za mwanzo kaa pale, pima joto, mapigo na pumzi. Mgonjwa akitetemeka, akilalamikia mgongo au kifua, akipanda homa, funga damu mara moja, badilisha mpira, endelea na serumu ya chumvi, ita daktari, na mfuko uutunze, usiutupe. Mwambie pia gademalade dalili hizo, maana yeye ndiye atakayekuwa macho ukiitwa kitanda cha mwisho.

6. Umeme

Mwanzoni mwa zamu, kabla haujakatika, tembelea kila mgonjwa wa oksijeni. Mashine ikizima, nani anahamia kwenye chupa? Chupa ina kiasi gani? Hesabu ni rahisi: ujazo wa chupa kwa lita mara namba ya kipimo cha mgandamizo kwa bar. Chupa ya lita 10 yenye bar 100 ina kama lita 1000. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 500, yaani saa 8 na kidogo. Punguza kidogo muda huo kwa tahadhari. Ufunguo wa chupa ufungwe kwa kamba kwenye chupa yenyewe. Nimewahi kuona watu wanne wanatafuta ufunguo gizani. Ulikuwa mfukoni mwa aliyekwenda nyumbani.

Ambu, mfuko wa kumpulizia mgonjwa pumzi kwa mkono, ya mtoto na ya mkubwa ziwe juu ya meza, si kwenye kabati lililofungwa.

7. Sindano ikikuchoma wewe

Usirudishe kifuniko. Boksi la usalama lifungwe likifika robo tatu. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, usitie klorini. Toa habari usiku huo huo: dawa za kuzuia VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na zinamezwa siku 28. Wenzetu wengi wananyamaza kwa aibu mpaka siku ya nne.

8. Kosa likishatokea

Kwanza mgonjwa: simamisha dawa, pima, ita daktari. Pili, mwambie ukweli mgonjwa au familia, pamoja na daktari, kwa lugha wanayoisikia, mkiwa mmekaa chini. "Papa, tumempa mtoto dawa ambayo haikuwa yake. Sasa tunafanya hivi na hivi." Watu wa hapa wanasamehe mengi wakiambiwa na mkubwa aliyevua kofia, wakisikia toka kwa mwuza maandazi wa getini, hawasamehi.

Tatu, andika. Tangu 2019, tarehe 17 Septemba ni siku ya dunia ya usalama wa mgonjwa, na hotuba hazikosekani. Mimi ningebadilisha hotuba zote kwa kaye moja ya kurasa mia, iliyotundikwa kwa kamba ofisini: tarehe, saa, nini kilitokea au nusura kitokee, kilizuiwa na nini. Bila jina la muuguzi. Kama mkubwa wa wodi anaisoma ili apate wa kukata prime (marupurupu), itabaki nyeupe, na makosa yatahamia vyooni kwa minong'ono. Kama anaisoma kila Jumatatu na kubadilisha kitu kimoja, kwa mfano kuhamisha potasiamu, kununua taa, kuandika majina yanayofanana kwa wino mwekundu, basi itajaa.

Ukurasa wa kwanza wa kaye yetu niliuandika mwenyewe, mara tu baada ya kupokezana zamu saa 1:30 asubuhi: "Watoto wawili, Bahati na Bahati. Artesunate nusura kwa asiye wake. Imezuiwa na mama wa kitanda cha jirani." Stajiere akasoma, akachukua kalamu, akaongeza chini yake la kwake la wiki iliyotangulia.